Kirikuu Kilichozaa Mara Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa polisi kwa kosa la kujifungua mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, hujibu alichoulizwa. Nililipiga pasi shati langu jeupe nikiwa nimelivaa, nikaenda kituoni kwa miguu, maana kirikuu changu kilikuwa kimetangulia kutoa maelezo.

Kirikuu ni kigari kidogo cha mizigo, mbele kina nafasi ya dereva na abiria mmoja. Nimekinunua kwa jasho langu na sioni haya kujisifu: mtaa mzima wa Mikaratusi unakitegemea. Mwenye mgonjwa anakiazima, mwenye harusi anakiazima, mwenye msiba hata haombi, anakuja kuchukua funguo tu. Kwetu gari ni la mtu mmoja kwenye kadi peke yake.

Ofisini namkuta Sajenti Malugu mezani. Pembeni yake imesimama kamera ya njia panda, ile ambayo polisi waliifunga miezi mitatu iliyopita isome namba za magari. Imekuja na nguzo yake. Dari ni fupi, kwa hiyo imeinamisha shingo kama mgeni mrefu.

Sajenti ananipa kiti na kunieleza kwa upole kwamba sheria ni fupi: namba ni mtu. Lililofanywa na namba limefanywa na mwenye namba. Kisha anaiomba kamera isome.

Kamera inafungua daftari. Tarehe tatu alfajiri nimeingia wodi ya wazazi, nikatoka na mtoto wa kike. Tarehe kumi na tisa nimerudi, nikatoka na wa kiume. Tarehe ishirini nimeoa kwa matarumbeta. Tarehe ishirini na mbili nimezikwa.

"Nimezikwa wapi?" nauliza.

"Makaburi ya juu," inajibu. "Watu walijaa. Hongera."

Kumbe kilichokuwa kinamsumbua Sajenti ni hicho cha mwisho. Hakuwa na uhakika kama marehemu anaruhusiwa kuendelea kutumia leseni.

Nilieleza kwamba hao ni watoto wa majirani, harusi ni ya fundi cherehani, na maiti alikuwa mzee wa watu aliyestahili gari. Nilisema wote waliazima. Kamera ilinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui kuazima," ilisema. "Kwetu kila nguzo ina shimo lake."

Hapo kibao changu cha namba kikaingia, kimejifungua skrubu zote mbili, kikakaa kwenye benchi na kuanza kujipangusa vumbi. Nilikiuliza kwa nini kimenichongea.

"Mimi nimeandikwa tu, kaka," kilijibu. "Wanaosoma ni wengine."

Mpaka hapo nilikuwa karibu kucheka. Kisha kamera ikafunua ukurasa mwingine na kusema, "Sasa Alhamisi."

Kila Alhamisi saa nane mchana mimi humpeleka Mwalimu Tausi kwenye kliniki fulani. Sitasema ni ya nini. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, na ndani ya nyumba yake hakuna ajuaye safari hizo. Siku ya kwanza alijifunika kanga mpaka machoni, akaniambia, "Mdogo wangu, hili liishie humu garini." Niliapa, na mimi nikiapa nimeapa.

"Alhamisi kumi na mbili," kamera inasoma. "Kirikuu mlangoni pa kliniki. Aliyeshuka ni..."

Sajenti anaizuia kwa mkono. Anasema kumbukumbu ya mtu mwenye watoto wawili haisomwi chumbani, husomwa mbele ya mkutano wa mtaa.

Na papo hapo tuko kwenye mkutano wa mtaa. Hakuna aliyenyanyua mguu. Ofisi imekuwa uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye madawati, na mstari wa mbele yupo Mwalimu Tausi ameshika kipande cha chaki.

Mwenyekiti wetu, Bi Chausiku, anatangaza kwamba kamera itasoma. Watu wanapiga makofi. Siwalaumu. Kamera hiyo ndiyo iliyoiona pikipiki ya Mzee Ngwatu ilipoibwa, ikarudi hata taa haijavunjika. Mimi mwenyewe nilipiga makofi siku ile.

Lakini sasa kamera inafunua ukurasa, na hasira inanipanda kutoka kwenye nyayo. Najikuta nimepanda sehemu ya mizigo ya kirikuu, juu ya watu wote.

"Wewe mrefu," nikasema. "Ukifika kwa mtu, unaanza na nini?"

"Ninaanza kusoma."

"Kabla ya kusoma?"

"Hakuna kabla."

Minong'ono ikapita uwanjani. Bibi mmoja alifyonza na kusema hilo halikulelewa. Bi Chausiku akaiuliza, kama anavyoulizwa mtoto wa watu, nani aliyeilea. Kamera ilijibu kwamba ilikuja ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na karatasi haikugusia jambo hilo. Mkutano mzima ukaingiwa na huruma.

Basi mtaa ukaifundisha kupiga hodi. Unasimama kando ya mlango, uso umeugeuzia pembeni. Unabisha mara tatu. Ukisikia karibu, unaingia. Ukisikia kimya, unaondoka bila kununa, wala huendi kusimulia ulimokosa kuingia. Hodi yake ya kwanza ilitoka kama gia iliyokataa kuingia. Ya pili ilikuwa na heshima kidogo.

Sajenti Malugu akanyoosha mkono. Aliuliza, na aliuliza kwa nia njema, je, mwizi ataikaribisha kamera?

Aliyesimama ni Mzee Ngwatu. "Sajenti, pikipiki ni yangu," alisema. "Ilipoibwa nilikuja kituoni kwa miguu yangu, nikakupa namba, nikakuomba uitafute. Karibu yangu ndiyo hiyo. Mwizi haulizwi, pikipiki si yake."

"Na hawa wengine?"

"Hawa hawajakuita, baba."

Sajenti aliliandika hilo na kulipigia mstari.

Kamera inasogea mbele ya Mwalimu Tausi. Inageuza shingo pembeni mpaka nguzo inalia. Inapiga hodi.

Kimya.

Inapiga ya pili. Mwalimu anaitazama chaki yake. Mtu mmoja anakohoa na kukatazwa. Inapiga ya tatu, taratibu, na mimi nasikia moyo wangu ukigonga ndani ya injini ya kirikuu.

Mwalimu Tausi hakusema neno.

"Basi," ikasema kamera. Ikachana Alhamisi zote kumi na mbili, ikazila. Sajenti aliuliza zina ladha gani, ikajibu hazina ladha yoyote. Ikala na wodi ya wazazi, ikala na matarumbeta. Ilipomeza ukurasa wa makaburi, Sajenti akanipa mkono, akanirudishia leseni, akanikaribisha tena duniani. Ukurasa wa Mzee Ngwatu haikuugusa.

Mwalimu alijisogeza kidogo kwenye dawati, nikakaa. Tuliitazama nguzo ikiondoka kwa kuruka, mguu mmoja, ikilirudia neno hodi chini kwa chini ili isilisahau.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka na mama alikuwa uani akipepeta mchele. Aliniuliza ni rafiki yangu gani mwenye mafua makali hivi. Alinisimulia kwamba wakati yeye yuko kwenye sala ya alfajiri, mtu alipiga hodi mlangoni mara tatu, kwa adabu, sauti kama bawaba yenye kutu. Hakuweza kuikata sala. Alipofungua, mtu hayupo.

"Amelelewa vizuri," mama alisema. "Hata mlango hakuugusa."

Nilitoka nje. Mchanga wa mbele ya mlango ulikuwa umefagiliwa tangu jana jioni, na kando ya kizingiti palikuwa na alama moja ya mviringo, upana wa nguzo. Mbele yake nyingine, na nyingine, moja moja, kuelekea njia panda.

Nikaingia ndani kuchukua funguo, maana leo ni Alhamisi na saa nane nina safari. Ya wapi, sisemi.