Siku Chai ya Jaji Ilipopoa

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na runinga, ungepita mtaa wa Buruburu, Nairobi, Jumamosi alasiri, kwenye duka la muvi la Batulo. Hapo ndipo Luseno alipokaa, kiti cha plastiki chenye mto, kikombe mkononi, akiwafokea watu wa ndani ya kioo ambao hawakuwa na habari naye.

"Huyu anaokoa dunia tangu saa ngapi?" angeuliza. "Saa mbili nzima hajala, hajanywa hata maji! Shujaa gani hana njaa? Na hili giza lote ni la nini? Wamekatiwa stima?"

Wateja walikuwa wakicheka mpaka wanashika meza. Walimwita Jaji, na haukuwa utani mtupu. Batulo alikuwa hamwekei mteja muvi mpya kwenye flashi kabla haijapita mbele ya Luseno. Utaratibu ulikuwa huu: mama huyo alimimina chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, akaiweka mkononi mwa Luseno, kisha akawasha muvi. Luseno akiimaliza chai mapema na kuomba kikombe cha pili, basi muvi hiyo ni takataka. Lakini akiisahau mpaka itande utando juu, Batulo alichukua kalamu nene, akaenda kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, na kando ya jina la muvi akaandika: CHAI ILIPOA. Maneno hayo mawili tu, na watu wa mitaa ya Umoja na Donholm nzima walikuja na flashi zao.

Sasa, tangu Januari hadi Julai, hakuna chai iliyopoa. Hata moja! Kila Jumamosi Luseno alimaliza chai, akaomba nyingine, akasema lilelile: muvi za siku hizi hazina muziki. Picha wanajua kupiga, ndiyo. Kuruka wanaruka. Lakini muziki? Bure kabisa.

Sababu yenyewe aliijua Luseno peke yake. Masikio yalikuwa yakimkimbia.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili mbele ya mashine ya kukata misumari, kwenye kiwanda kimoja huko Industrial Area. Kwanza walitoweka ndege wa asubuhi. Akadhani wamehama. Kisha ikaondoka filimbi ya refa kwenye mechi, kisha sauti za wanawake na watoto zikawa kama za watu wanaosemea ndani ya blanketi. Alijifunza kusoma midomo. Kwenye muvi alisoma maandishi ya chini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno, alifanya wanavyofanya watu wa maneno wakiingiwa na woga: alizidisha mdomo.

Alikuwa akiogopa, tena sana. Kiwandani alikuwa namba kwenye kadi. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja, jiko na redio asiyoiwasha tena. Ni kwenye kiti kile tu ambapo binadamu mwenzake alimgeukia na kumuuliza, "Wewe unaonaje, Jaji?" Na jaji asiyesikia, nani atamuuliza kitu?

Kwa hiyo alijificha nyuma ya gemu za TV. "Muziki ulikuwa ule wa gemu zetu," alikuwa akisema. "Ile kaseti ya mzee mwenye taa. Akiingia pangoni, wee! Ule wimbo ukianza, hata ukifa unakufa na furaha."

Wimbo wa pangoni aliujua tangu utotoni, walipokuwa wakikaa mtaa wa Jericho na jirani akawa na gemu. Yeye na dada yake Lorine walikuwa wakiuimba wote wawili njiani kurudi nyumbani, yeye akinguruma chini, Lorine akipiga mluzi. Nyanya yao alikuwa hataki kusikia msichana akipiga mluzi. Anaita nyoka, alisema, halafu anamfuata na mwiko mpaka nje. Lorine siku hizi aliishi Kitale na mumewe. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na Luseno alikuwa haipokei kwa sababu ndani ya simu hakusikia ila mkwaruzo. Alijibu kwa ujumbe: niko kazini. Kila Jumapili, kazini. Lorine naye mwishowe aliandika: sawa kaka, ukipata nafasi. Ujumbe huo Luseno aliusoma mara nyingi, na kila mara ulimuuma.

Basi Jumamosi moja akaingia Matheka, kinyozi wa duka la pili, hasira puani.

"Jaji, wewe umenikosea sana," alisema. "Ile muvi ya yule mama aliyefungwa jela. Ulisemaje?"

Luseno aliikumbuka; haikuwa na maandishi ya chini. "Nilisema ukweli. Mwanamke anasimama kando ya ukuta robo saa, anafungua mdomo kama samaki. Nilikunywa chai mbili."

Matheka akamtazama Batulo, Batulo akatazama meza.

"Anaimba!" Matheka alisema. "Anamwimbia mtoto wake aliye chumba cha pili. Muvi yote ni huo wimbo! Mke wangu aliipata kwa mtu mwingine, amelia mpaka ugali ukaungua. Halafu wewe unasema samaki?"

Luseno alihisi jasho likimtoka mgongoni. Akacheka kwa nguvu. "Kama ugali uliungua, mlaumu mpishi, usinilaumu mimi. Huo si muziki, bwana. Muziki ni ule wa pangoni!"

"Kila siku pangoni, pangoni! Hakuna aliyewahi kuusikia."

"Basi tutausikia," alisema Batulo, akimtazama Luseno usoni kwa namna ambayo Luseno hakuipenda. "Kaka yangu Kadar ana stoo Eastleigh, ina vitu vya tangu tukiwa shule. Jumamosi ijayo nitaileta hiyo gemu. Tumalize haya maneno."

Wiki ile Luseno hakulala vizuri. Alijiambia: wimbo naujua, nitaungurumia tu, nani atajua?

Jumamosi ilipofika, gemu ilikuwa mezani kweli. Plastiki yake ilikuwa imegeuka manjano, na kaseti ilikuwa ileile, yenye picha ya mzee na taa. Luseno aliichukua kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaipuliza tumboni mara tatu, kama kila mtoto wa Jogoo Road alivyofundishwa na watoto waliomtangulia, na kwa dakika moja akasahau woga wake wote. Akaichomeka. Batulo akaenda nyuma ya runinga na waya. Matheka akavuta stuli karibu.

Picha ikatokea. Mzee yule pale, mdogo kama kucha, na taa yake! Luseno akakamata kidhibiti, akamkimbiza, akaruka shimo la kwanza na la pili, vidole vinakumbuka vyenyewe. Mlango wa pango ukafunguka.

"Haya sasa!" alipiga kelele. "Sikilizeni! Sikilizeni hapo inavyoanza polepole!" Akaanza kunguruma, kichwa kinakwenda, mguu unapiga sakafu. "Hapo! Hapo inapanda! Matheka, umesikia? Muvi gani ya siku hizi ina kitu kama hicho? Niambie!"

Matheka alikuwa amefungua mdomo acheke, kisha akaufunga taratibu. Luseno akaona anaangalia kitu nyuma ya runinga, akageuka.

Batulo alikuwa amesimama pale na waya mweupe mkononi.

Ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa popote. Na kama kuna mtu Nairobi nzima aliyejua waya za gemu, ni Luseno. Wa njano ni picha. Mweupe ni sauti. Kumbe wakati wote mama wa watu alikuwa ameinama kule nyuma akisema, "Ngoja Jaji, sauti bado," na Luseno hakuwa ameiona midomo yake.

Kwenye kioo mzee akatumbukia shimoni. Luseno akaweka kidhibiti mezani. Aibu ilimpanda mpaka machoni. Aliinuka, akatafuta kofia yake, asiipate, na kofia iko kichwani.

Batulo akazunguka meza, akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso.

"Luseno," alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Tangu lini?"

Alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, mtamu kabisa. Lakini alimwona yule mama anatamka polepole ili asomeke, na uongo ukamshinda.

"Mwaka wa pili huu, mama," alisema. "Zile sauti za juu ndizo zimeisha. Nilijua mkijua mtanitoa kwenye kiti."

"Nikutoe?" Batulo akawaka. "Miezi saba umeniharibia orodha yangu, umemwita mama wa watu samaki, kwa ajili ya kiburi! Mficha maradhi kifo humuumbua, hukuambiwa? Kiti ni chako. Hata usipokuja kitakaa hapo na mto wake. Lakini Jumatatu mimi na wewe tunaenda kupima hayo masikio, na ukinikimbia nakuja kukutoa kiwandani mbele ya wenzako!"

"Atakuja kweli," Matheka alisema, na akahakikisha Luseno anamwona akisema. "Mimi nitamsindikiza." Kisha, kwa sauti ambayo Luseno aliisoma tu, akaongeza, "Samahani, Jaji. Nilikuwa sijui."

Luseno akakaa. Alilia kidogo, na hakuna aliyeangalia pembeni kwa sababu ya kilio hicho, na hilo lilimfariji kuliko kitu chochote.

Walienda kupima. Ikawa ni kurudi, na kurudi tena, na Batulo kugombana na kila mtu mwenye koti jeupe. Mwishoni mwa Septemba Luseno akavalishwa vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio. Siku ya kwanza vilimtesa. Mfuko wa plastiki ulipiga kelele. Ndara zake mwenyewe zilipiga kelele. Asubuhi iliyofuata ndege wakamwamsha, nao kumbe walikuwa hawajahama kwenda popote.

Jumamosi akaja dukani mapema. Batulo akamimina chai na kuiweka mkononi mwake.

"Leo tunaanza na ipi?" akauliza. "Ya yule mama?"

"Hiyo itafuata, na nikishaiona nitamwendea mke wa Matheka kuomba msamaha. Kwanza niwekee pango."

Safari hii Batulo alichomeka waya zote mbili na kumwonyesha. Luseno akampitisha mzee kwenye mashimo, mlango ukafunguka, wimbo ukaanza kule chini anakokujua, ule mngurumo aliouimba miaka yote. Akatabasamu. Kisha juu yake ikaingia sauti nyingine, nyembamba, inacheza na kuruka.

Vidole vikaganda. Ilikuwa sehemu ya Lorine! Hakuwa ameipoteza masikioni tu. Alikuwa ameisahau kabisa. Miaka yote hii aliyowatambia watu wimbo bora duniani, alikuwa akiubeba nusu, na nusu ya pili iko Kitale.

Mzee akafa shimoni, mara ya pili mwaka ule. Luseno alikuwa tayari ametoa simu na kufungua spika.

"Kaka?" Lorine alisema, na Luseno akaisikia, sauti yenyewe, na kile kikohozi kidogo anachoanza nacho. "Kaka, kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Lorine, sikuwa kazini. Zile Jumapili zote nilikuwa nyumbani, nilikuwa sikusikii. Masikio yaliharibika nikaona haya kukwambia. Nisamehe. Sasa nasikia."

Kule pua ikavutwa. "Mjinga wewe," Lorine alisema. "Nilidhani nimekukosea."

"Hukunikosea. Unakumbuka wimbo wa pangoni? Nipigie mluzi."

"Mluzi! Mtu mzima hivi? Nyanya alikataza."

"Nyanya alilala zamani. Piga, dada. Mimi nashika chini."

Luseno akaanza kunguruma. Kutoka Kitale mluzi ukaja, kwanza ukitetemeka kwa kicheko na machozi, kisha ukanyooka na kupanda palepale unapopanda. Matheka alikuwa ameacha mteja wake nusu kichwa na kuja kusimama mlangoni. Wakaumaliza, wakaurudia tangu mwanzo.

Batulo akanyoosha mkono, akagusa kikombe. Utando ulikuwa umetanda juu, mzima, haujaguswa hata na mdomo. Akachukua kalamu nene, akaenda ukutani.

"Niandike jina gani?" akauliza.

"Andika Lorine," alisema Luseno.