Lango la Ndani

Fundi alikunja mkono wa shati lake mikunjo mitatu iliyolingana, akaulaza mkono juu ya taulo jeupe, kisha akamwambia binti yake, “Haya, toboa.”

“Hatutoboi, Baba. Tunadunga.”

“Kutoboa, kudunga, mimi na sindano tunajuana miaka arobaini. Tofauti ni kwamba nguo hailii.”

Chiriku alicheka, na kicheko kikatoka kikubwa kuliko chumba. Nyuma ya pazia la kitanda cha pili mtu alikohoa kumkumbusha kwamba huu ni mtihani. Lakini angefanyaje? Tangu alfajiri furaha na hofu vilikuwa vikigombania kifua chake, chai haikushuka, viatu alivivaa akavivua akavivaa tena. Miaka mitatu ya kusoma tiba ya sindano ya Kichina, miaka mitatu ya kujidunga mwenyewe mapajani mpaka ngozi ikamzoea, na leo ndiyo leo. Akipita, angeruhusiwa kutibu watu kwa mikono yake bila kusimamiwa na mtu. Akishindwa, angerudi kwenye cherehani ya pili katika duka la baba yake. Hayo ndiyo makubaliano waliyoandikiana siku anaondoka dukani kwenda kusoma, na Fundi hakuwa mtu wa kusahau makubaliano.

Mgonjwa wa leo hakupaswa kuwa Fundi. Kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu wake mwenye maradhi ya kweli, na Chiriku alikuwa amemwandaa jirani yao, mwalimu mstaafu ambaye usingizi ulikuwa umemhama. Saa kumi na mbili asubuhi jirani akaamka na homa, anatetemeka. Chiriku alikimbia dukani roho mkononi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akazima pasi, akafunga mlango wa duka.

“Nipeleke mimi.”

“Lakini wewe unaumwa nini, Baba?”

“Si wewe ndiye uliyesoma? Tafuta.”

Basi akawa anatafuta, kalamu mkononi, huku mtahini amesimama nyuma yake. Mtahini huyo wanafunzi walimwita Mama Barafu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona uso wake ukiyeyuka.

“Usingizi?” aliuliza Chiriku.

“Nalala.”

“Chakula?”

“Nakula. Wewe mwenyewe ndiye unayepika.”

“Na moyo?”

Fundi aliangalia dari. Alikuwa mtu wa kujibu kabla swali halijaisha, na kimya chake kilimfanya Chiriku ainue kichwa kutoka kwenye karatasi.

“Moyo unakimbia,” alisema hatimaye. “Nimekaa tu, nashona, halafu unaondoka kama umeitwa.”

“Tangu lini?”

“Tangu cherehani ya pili inyamaze.”

Chiriku aliandika “miaka mitatu”, na herufi zikapinda. Siku zote alidhani mzee amekasirika, na hasira alikuwa na dawa yake: kufaulu kwa kishindo. Hofu ya mtu kubaki peke yake na mashine mbili hakuwa ameiwazia kabisa. Ilimuuma, na alitamani pazia lingekuwa ukuta ili amkumbatie.

“Mtahiniwa,” ilisema sauti ya Mama Barafu, “umechagua nukta gani?”

“Lango la Ndani, Mwalimu. Juu ya kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili. Hutumika kutuliza moyo unaokwenda mbio na hofu iliyokaa kifuani.”

“Sawa. Mzee, kuanzia sasa humsaidii, si kwa neno, si kwa mkono. Na wewe, nukta moja, sindano moja. Ukiifuta nukta, nitaandika kosa.”

Hapo furaha ilimpanda Chiriku kichwani. Hii aliijua! Hii angeipata hata akiwa amefungwa macho! Alimwambia baba akunje ngumi, kano mbili zikajitokeza, akaanza kwenye mstari wa kifundo, akalaza dole gumba mara moja, akalilaza mara ya pili, tak, akaweka nukta ya wino wa buluu. Nukta nzuri, ya duara kabisa. Akachukua sindano.

Ndipo alipoona baba yake anatazama nini. Hakuwa akiitazama sindano. Alikuwa akilitazama dole gumba la binti yake.

Mtazamo huo Chiriku aliujua. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipokata mkono wa koti la mteja kwa kujipimia mkono wake mwenyewe, na mteja, jitu la watu, akavaa koti lililoishia karibu na kiwiko. Fundi hakumgombeza. Alimtazama hivi hivi.

Somo la wiki ya kwanza kabisa: mwili haupimwi kwa rula, wala kwa kidole cha mganga. Kila mtu hupimwa kwa dole gumba lake mwenyewe. La Chiriku lilikuwa jembamba. La Fundi lilikuwa pana, limebapa kwa miaka arobaini ya mkasi. Vidole viwili vya huyu na viwili vya yule, tofauti yake ilikuwa kama upana wa kifungo cha shati.

Kifungo tu! Mama Barafu alikuwa ameinama anaandika, na pengine hakuona. Nukta ilikaa pale, imetulia, haina wasiwasi wowote. Na Fundi alikwisha kuyarudisha macho yake kwenye dari kama alivyoamriwa, mdomo ameubana. Mtu ambaye angerudishiwa binti yake dukani jioni hii hii kwa kunyamaza tu. Chiriku alijua kwamba akiifuta anaweza kupoteza kila kitu, na alijua pia kwamba mkono ule ndio uliomshonea sare za shule tangu darasa la kwanza.

“Mwalimu, naifuta nukta.”

“Sababu?”

“Nimepima kwa kidole changu. Mkono ni wake.”

Kalamu ya Mama Barafu ilikwaruza karatasi kwa muda mrefu kupita kiasi. Chiriku alifuta wino kwa pamba yenye spiriti. “Baba, nipe dole gumba lako.” Fundi akatoa mkono wa pili. Chiriku akalilaza dole hilo juu ya mkono wa kwanza, mara moja, mara mbili, akaweka nukta mpya. Akapiga moyo konde, akadunga, akaizungusha sindano taratibu huku na huku.

Kwanza hakusikia kitu. Halafu sindano ikashikwa. Ilishikwa kutoka ndani, kama uzi unapofika kwenye fundo lake, na Chiriku nusura apige kelele.

“Ala!” alisema Fundi.

“Inauma?”

“Haiumi. Inavuta. Kuna mtu anavuta mpaka kwenye kidole cha kati!”

Mama Barafu alisogea. “Mzee, unajisikiaje? Niambie kweli, usimfurahishe binti yako.”

“Mwalimu, mimi ningependa ashindwe,” alisema Fundi. “Nina cherehani mbili na miguu miwili tu. Lakini huu moyo...” Aliinua mkono ulio huru, akauweka kifuani, akasubiri kama anayesikiliza mlango. “Huu moyo umekaa.”

Chiriku hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili kwa pamoja, bila sauti. Mama Barafu aligeuza karatasi, akaandika tena, akafunga ubao wake.

“Nukta ya kwanza imekugharimu. Umepita, lakini si kwa mbali. Dakika ishirini, kisha utoe sindano. Usimwache mgonjwa wako.”

Akaenda zake kitanda cha pili.

Amepita! Alitaka kutoka mbio mpaka barabarani, alitaka kuwasimamisha wapita njia awaambie, alitaka kupanda juu ya kiti. Lakini sindano ilikuwa mkononi mwa baba yake, na ilibidi akae. Akakaa, miguu ikimcheza chini ya kiti. Fundi alikuwa amefumba macho, pumzi zake ndefu. Ili kupata la kufanya, Chiriku akaushika mkono ulio huru apime mapigo, na mapigo yale yakamtisha. Yalikuwa yanakwenda shoti.

“Baba! Mbona moyo unakimbia hivi?”

“Wangu umetulia,” alisema Fundi bila kufumbua macho. “Huo ni wako.”

Chiriku akaangalia. Kweli, kwa wazimu wa furaha alikuwa ameushika mshipa kwa dole gumba, ambalo lina mapigo yake lenyewe. Akaona aibu, akataka kuliondoa.

“Liache hapo hapo,” alisema baba yake. “Nausikia vizuri.”