Ua Lisilostahimili Jua

Begonia ilikuwa inaungua. Sindano aliiona inaungua, na hakuinuka.

Ilikaa juu ya kizingiti cha dirisha, upande wa nje, ndani ya kopo jeupe lililowahi kuwa la rangi. Jua la alasiri lilikuwa limeukabili ukuta mzima wa jengo. Maua yake, mekundu na mazito kama ngumi za mtoto mchanga, yalikuwa yameinamisha vichwa, na kingo za majani zilianza kujikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na kibatari. Kutoka barabarani, ghorofa tatu chini, mtu asingeyaona hayo. Angeona wekundu tu. Na wekundu ule ulikuwa na maana moja kwa waliopatana: njia ni nyeupe, pandeni.

Lakini njia haikuwa nyeupe. Kwenye kiti cha pekee chenye mikono, karibu na dirisha, alikuwa ameketi Ufunguo.

Cheo chake kilikuwa msimamizi, na mwenyewe alipenda kitanguliwe na neno "mheshimiwa." Mafundi wa kiwanda cha sare walimwita Ufunguo kwa sababu ya ule aliouning'iniza shingoni kwa kamba nyeusi, ukigongagonga vifungo vya shati kila alipogeuka. King'ora cha asubuhi kikisha kulia na mafundi wakisha kuingia, yeye ndiye aliyeufunga mlango wa ukumbi wa kushonea, kwa nje, na yeye ndiye aliyeufungua jioni. Wenye kiwanda walisema ni kuzuia wizi wa vitambaa. Mwaka wa moto walisema vivyo hivyo. Kisha wakaupaka ukuta rangi, wakaweka mlango mpya, na kufuli la mlango mpya likawa imara kuliko la kwanza. Wenye mali husahau upesi. Kusahau ni sehemu ya mali yao. Waliozika hawana anasa hiyo.

Sindano alikuwa miongoni mwa waliozika. Wifi yake, kitinda mimba katika nyumba ya mumewe, alikuwa akishona vifungo kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango. Karibu na mlango: msibani watu waliyarudia maneno hayo kana kwamba yangeweza bado kumwokoa.

Ndiyo sababu ya mkutano wa leo. Kesho asubuhi mafundi walitaka kusimama mbele ya mlango ule na kukataa kuingia mpaka ufunguo utundikwe ukutani, upande wa ndani, mahali mkono wowote unapofika. Jambo dogo kiasi hicho. Lakini asimamaye peke yake hufukuzwa peke yake. Kwa hiyo wasemaji wa kila meza walipaswa kwanza kukutana chumbani kwa Sindano, wakiongozwa na mzee wa meza ya kupigia pasi, mtu aliyeburuta mguu wa kushoto tangu siku ile ya moto. Zamani waliwahi kutumia taulo jekundu kama alama. Mwenye taulo alifukuzwa kazi kabla halijakauka. Ua ni jambo jingine. Nani hulishuku ua?

Ufunguo alikuwa amebisha hodi mara tu Sindano alipomaliza kulitoa nje. Alikuja na mfuko wa machungwa na tabasamu lisilofika machoni.

"Nimekuja kumjulia hali mama. Nimesikia amefanyiwa upasuaji wa jicho. Shikamoo, mama."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kitandani katikati ya makopo yake ya maua, aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefukuza nzi.

"Na ua zuri lile," Ufunguo akaendelea, akikisogeza kiti mpaka akaweza kuiona barabara. "Halichomeki huko nje?"

"Linapenda jua," Sindano alisema. Alisema upesi mno. Yeye, aliyepewa jina lile kwa wembamba wake na kwa kuwa akikugusa utajua umeguswa, sasa alihisi kila neno lake likiwa butu.

"Ahaa." Ufunguo alicheka kidogo. "Siku hizi, Sindano, nasikia watu wanaongea kwa madirisha. Mtu anaanika taulo, kumbe anaanika siri. Dunia ina mambo!"

Tangu hapo mkono wa Sindano ulikuwa huru kwenda popote chumbani isipokuwa dirishani. Aliwasha jiko. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Kuligusa lile kopo ilikuwa sawa na kukiri. Kuliacha ilikuwa sawa na kuwaita wenzake waje kuhesabiwa mmoja mmoja mlangoni pake, na kesho mlango ufungwe asiwepo wa kusema.

Mtu mmoja tu angeweza kulichukua ua lile bila kushukiwa. Naye alikuwa amekunja mikono.

Hapa ndipo kisu kilipogusa mfupa. Mama mkwe alikuwa amekuja kuuguza jicho, akaja na nguo chache na maua mengi. Aliyajua kwa tabia, kama mtu anavyowajua majirani. Yungiyungi, alisema, ni hodari wa kuzirai: likikosa maji linaanguka lote chini ulilie, ulinyweshe, na baada ya muda linanyanyuka kama halikufanya kitu. Urujuani una majani ya mahameli na haupendi kumwagiwa maji kichwani. Mnyweshe miguuni, naye atachanua hata gizani mwako. Okidi ndiyo ya kuogopwa. Hupukutisha maua yote, ibaki kijiti, watu waitupe. Kumbe iko kimya tu, inafikiri. Aliyasema hayo asubuhi, akayasema mchana, na Sindano akaamua kwamba mdomo ule hauna mlango. Kumwambia Mama siri ya dirisha, aliwaza, ni kupiga baragumu sokoni. Tena angeanzaje? Angelitamkaje neno "mlango" mbele ya mama yule?

Basi juzi, wenzake walipokuwa wanakuja, mama mkwe aliikuta begonia inachomwa na jua, akairudisha ndani kwa huruma zake. Wasemaji wa meza walipita chini, wakaona kizingiti kitupu, wakaenda zao. Sindano aliporudi kutoka kuteka maji na kugundua, alipandwa na hasira akasema maneno ambayo mke hamwambii mama wa mumewe.

"Ukiligusa tena kopo hili, yote nitayatupa jalalani! Mgeni hapangi nyumba ya watu!"

Na tangu siku hiyo, yule aliyekuwa na hadithi ya kila jani alikuwa na salamu tu.

Sasa Sindano alisimama kando ya jiko, mahali ambapo aliweza kuona kipande chembamba cha barabara, na katika kipande hicho akamwona mzee wa pasi akitokea kwenye kona. Alitembea polepole, gazeti kwapani, akiburuta mguu. Nyuma yake, mbali kidogo, mwanamke wa meza ya kola. Mzee alikuwa bado hajainua macho.

"Mama," Sindano alisema. "Begonia inaungua."

"Naiona. Jicho moja bado linafanya kazi."

"Basi si ungeirudisha ndani?"

"Mimi nimekatazwa."

Ufunguo aligeuka. Chuma kikagonga kifungo: *ti*.

"Mama umekatazwa? Na nani?"

"Na mwenye nyumba. Kasema yeye mwenyewe sasa hivi, ua linapenda jua. Mimi mgeni nitabisha?"

Maji yalichemka jikoni na hakuna aliyeyashughulikia. Macho ya Ufunguo yalitoka kwa mama mkwe yakaenda kwa Sindano, yakatoka kwa Sindano yakaelekea dirishani, taratibu, kama ya mtu anayepanga nyuzi kabla ya kuzifuma. Sindano akaelewa kwamba amebakiwa na njia moja, na njia hiyo ilipita chini, magotini.

Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mama, nilikukosea adabu. Nilikuita mgeni. Ua silijui, nalisemea tu. Wewe ndiye unayelijua. Naomba radhi."

Alianza kusema kwa ajili ya dirisha. Lakini alipofika katikati, dirisha lilikuwa limemtoka akilini. Aliiona mikono ya mama yule, udongo kwenye kucha, na akakumbuka kwamba tangu msiba hakuwahi kuishika. Alimpikia, alimfulia, alimpeleka hospitali. Kuishika mikono yake hakuwahi.

"Nilikutolea ukali usiokuwa wako, Mama."

Mama mkwe alimtazama kwa jicho lake zima. Akamwinulia mgeni macho, akakunja uso kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Hicho kifuani ni nini, baba?"

"Hiki? Ufunguo wa kazini tu, mama."

"Wa mlango upi?"

Ufunguo alikohoa. "Wa ukumbi. Wa kushonea."

"Ahaa," alisema mama mkwe.

Akasimama. Alifika dirishani kwa hatua za mtu mwenye nchi yake, mwili wake ukaziba barabara yote, akalichukua kopo kwa mikono miwili na kugeuka nalo. "Nishikie, baba. Mimi jicho linanisumbua, nisije nikaliangusha." Kabla Ufunguo hajajibu, begonia ilikuwa mapajani mwake, na maji yenye udongo yalikuwa yanavuja kutoka kwenye tundu la chini.

"Mama, suruali..."

"Usilitikise! Begonia likitikiswa linapukutisha maua. Watu hudhani kila ua linataka jua. Hili linataka mwanga, si jua. Mwanga na jua ni vitu viwili. Na hili yungiyungi lishike mkono huu, nilipanguse vumbi. Kaza basi! Mwanamume mzima anashindwa na jani?"

Ufunguo alikaa kama meza ya mnada, begonia mapajani, yungiyungi mkononi, akiloa. Kila alipotaka kuinuka aliongezewa kopo na somo. Sindano, bado magotini, alihisi kicheko na kilio vikigombea mlango mmoja kifuani mwake. Juu ya kelele zile za majani na maji alisikia, chini kabisa barabarani, mguu ukiburutwa, ukikaribia, ukipunguza mwendo.

Kisha ukaendelea. Ukapita.

Ufunguo alipojinasua hatimaye, alikuwa na doa la tope ambalo hakuna aliyemwonyesha. Mlangoni aligeuka, na tabasamu sasa halikuwepo hata mdomoni.

"Ua lako hilo, Sindano. Nitakuwa nalitazama."

Walisikiliza chuma kikigonga kifungo mpaka chini ya ngazi.

"Wamepita?" mama mkwe akauliza.

"Nani, Mama?"

"Mwanangu, mimi nilipasuliwa jicho. Akili hawakuigusa." Alikuwa anayang'oa majani yaliyoungua, moja moja, kwa ncha za vidole. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kukutajia mlango."

"Mlango?" Akang'oa jani jingine. "Nikiongea maua mchana kutwa, wewe unadhani naongea maua?"

Nje jua lilikuwa limeanza kulegea. Baada ya kukosana juzi, mpango wa leo ulikuwa kwamba wakikosa alama wangezunguka mtaa na kupita tena mara moja tu, kabla giza halijaingia. Mara hiyo ilikuwa imekaribia, na kizingiti kilikuwa kitupu.

Mama mkwe aliinama akavuta kitu kutoka nyuma ya kitanda. Lilikuwa kopo dogo la maziwa, limeshika kutu ukingoni, na ndani yake jirania iliyonyooka, shina gumu kama kamba, maua mekundu yamekusanyika juu kama watu waliosikia habari.

"Hili ni la yule kitinda mimba wangu. Alivunja tawi kwenye ua wa kiwanda, akalitia kwenye mkoba. Nikamwambia mwanangu, tawi lililovunjwa litaota nini? Akasema, Mama, hiyo ndiyo dawa yake, livunje ulipande." Alilifuta kopo kwa khanga. "Jirania haijali jua. Sijawahi kulitoa nje."

"Mama, huenda bado yuko chini anatazama."

"Huenda."

"Amesema atalitazama ua."

"Kasema hivyo."

Mama mkwe alinyoosha kopo, lakini hakusogea dirishani. Alisubiri. Sindano aliupokea uzito ule mdogo, na majani yalipomgusa kiganja yakatoa harufu kali, ya limau na chuma, ikamjaa puani. Mkono uliokuwa umefungwa alasiri nzima ukanyooka. Alilitua kopo juu ya kizingiti, katikati kabisa, akaligeuza mpaka maua yakatazama barabara. Hakuangalia chini kuona ni nani aliyesimama huko.

Wakakaa kitandani bega kwa bega, mikono yao ikiwa na udongo uleule. Maji jikoni yalikuwa yamekauka. Kwa muda hakukuwa na sauti ila ya watoto wa jirani.

Halafu hatua zikaanza kupanda ngazi.

Mama mkwe aliinua kidole, na wote wawili wakabana pumzi, wakisikiliza: mguu unaoburutwa, au chuma kinachogonga kifungo.