Mfupa wa Mwalimu Ruffin

Katika darasa la Kiingereza la mwalimu Ruffin, nyuma ya soko la Kolwezi, mwanafunzi aliyekosea neno alivishwa shingoni mfupa wa ng'ombe uliofungwa kamba. Aliuvaa mpaka amnase mwingine kwenye kosa. Utotoni Ruffin mwenyewe alivishwa mfupa kama huo shuleni kwa sababu ya kusema Kiswahili, na badala ya kuuchukia akaja kuufungulia darasa. Watu wengine hawana haya.

Ijumaa ile mfupa ulikuwa kwa Mado, muuza mitumba, na jasho lilimtoka. Jumatatu Ruffin angewapeleka wanafunzi wake kwenye mtihani wa wakalimani wa mgodi, wote isipokuwa mwenye mfupa.

Kilichomponza Mado ni "lose" na "miss". Jirani yake Jémima, mwanafunzi mwenzake, ndiye aliyekuwa akimfundisha, wakisonga bukari pamoja: "miss" ni kumkosa mtu, roho ikimtaka, "lose" ni kupoteza, basi, imekwisha.

Shukrani yake ilikuwa hii. Mado alisimama, akamuuliza Jémima kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie, kaka yake Dady yuko wapi.

Darasa zima lilijua. Shimo alilokuwa akichimba Dady, upande wa Tenke, liliporomoka, na mwili haukutolewa. Mama yao bado alikuwa akimwekea chakula.

"I miss my brother," Jémima akajibu.

"Kosa!" Mado alikuwa ameshavua mfupa. "Prof, ule muntu alikufa! Mwenye kufa ni 'lose'. 'Miss' njo ya mwenye atarudia!"

Uongo. Halikuwa kosa hata kidogo, na Ruffin alijua. Lakini aliona darasa linangoja, akanogewa. Akamwambia Jémima asahihishe, au avae mfupa.

Mado akatabasamu. Alijua Jémima hatasema. Tabasamu lile lilistahili kofi.

Jémima alitazama sakafu. Alifikiria Jumatatu, akamfikiria mama yake, ambaye sasa hakuwa na mwingine wa kumlisha. Kisha akainua uso, akasema kwa matamshi safi kuliko ya mwalimu:

"I lost my brother."

Makofi yakalia. Mfupa ukamrudia Mado, akaanza kulia, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Pole, yaya," Jémima akamwambia, kama anavyoambiwa dada mkubwa, akachukua mkoba wake akatoka.

Nyumbani alikuta sahani ya Dady mezani, imefunikwa, bukari na mboga ya sombe. Akanawa mikono. Akaifunua, akaanza kula.

"Ile ni ya Dady," mama yake akasema, akichukua kifuniko.

"Minajua, mama."

Akamega tonge lingine. Alikula mpaka akamaliza, mama yake amesimama pale pale, kifuniko mkononi.