Mgongo wa Fébronie

Wifi yangu Fébronie alikuwa habebi mtoto mgongoni. Hapa Kidahwe jambo hilo lilizungumzwa mpaka kisimani. Alimkumbatia Armelle mbele kama gunia la muhogo, mtoto wa miaka mitatu, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Kila nikimwambia atavunjika kiuno, jibu lilikuwa lile lile: "Niache, wifi."

Mimi nilikimbilia Tanzania mwaka sabini na mbili, nikaolewa hapa hapa. Fébronie, mjane wa mdogo wangu, alikuja na vita vya tisini na tatu, Armelle akiwa bado mchanga. Mtoto huyo ana akili, na mdomo wake haupumziki; anajua majina ya mbuzi wote wa jirani. Mikono yake inamenya karanga vizuri kabisa. Miguu tu ndiyo iliyogoma. Ukimsimamisha, visigino havigusi chini na magoti yanagongana.

Waliosema mtoto kalogwa niliwafukuza uani kwangu. Kisha nikasikia kwamba Bwana Wilfred, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anakuja zahanati kila Jumatano. Fébronie akakataa kwenda. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia, akakataa tu.

Basi Jumatano moja, yeye akiwa shambani, nilitoa ingobyi yangu, kile kitenge nilichobebea wanangu wote, nikamweka Armelle mgongoni. Miguu yake ilikuwa migumu kuipanua kiunoni mwangu, lakini polepole ikakubali.

"Masenge, niko juu!" akaniambia. Ndivyo anavyoniita, shangazi yake, kwa Kirundi.

Hatujafika mbali nikasikia mtu anakimbia nyuma yetu. Alikuwa Fébronie, jembe mkononi.

"Mshushe! Wifi, mshushe, utamuua!"

Niliogopa, sifichi, lakini sikusimama. Tukaingia zahanati tukigombana mbele ya wagonjwa. Bwana Wilfred, kijana mpole wa Kasingirima, alitukalisha kwenye benchi, akamlaza Armelle kwenye mkeka na kumuuliza mama yake shida ilianza lini.

Fébronie akaweka jembe chini. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemharibu."

Siku waliyokimbia, alisema, walijificha kwenye migomba huku wauaji wakipita barabarani. Armelle akaanza kulia. Fébronie akaikaza ingobyi, akazungushia na kamba, akakaza tena, mpaka mdomo wa mtoto ukabanwa mgongoni na sauti ikapotea. Hakuilegeza mpaka walipovuka mpaka.

"Nilipomfungua miguu ilikuwa migumu. Haijalegea mpaka leo. Nilijua mganga yeyote akiishika, ataona ni kamba yangu."

Nilikuwa nimeishi naye muda wote huo bila kujua. Hasira yangu yote iliniishia pale kwenye benchi.

Bwana Wilfred alikishika kisigino cha Armelle, akakunja wayo taratibu mpaka ukalegea kidogo. "Alizaliwa mimba ina miezi mingapi?"

"Saba. Hakulia upesi."

"Basi nisikilize, Mama Armelle. Kamba haikufanya hivi. Mtoto akizaliwa mapema sana, sehemu ya ubongo inayoongoza miguu inaweza kuumia. Tangu hapo inaiamuru misuli ikaze, hata inapotakiwa kupumzika. Huu ni mtindio wa ubongo. Hata mngebaki nyumbani kwa amani, miguu ingekuwa hivi hivi."

Fébronie alimtazama kama anayesubiri amalizie kwa kumlaumu. Hakumlaumu. "Atatembea?" Fébronie akauliza.

"Siwezi kuahidi. Ubongo ulioumia hauponi. Lakini tukiinyoosha hii miguu kila siku haitazidi kukakamaa, na kwa magongo naona anaweza kufika shuleni. Unambebaje?"

Nikamjibu mimi, kwa kumwonyesha: mbele, miguu imebanana.

"Hapo inazidi kupishana. Mgongoni inapanuka, misuli inavutika. Mbebe mgongoni, mama."

Fébronie aliangalia kile kitenge muda mrefu. Kisha akainama, nami nikamweka mtoto. Akafunga fundo kifuani, legelege, mtoto akaanza kuteleza.

"Kaza," nikamwambia.

"Sikazi."

"Kaza kidogo, wifi yangu. Hutamuumiza."

Akakaza. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi.

Tulirudi kwa njia ya Kasulu. Armelle alikuwa amelaza shavu mgongoni kwa mama yake, kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Ghafla Fébronie akasimama katikati ya njia.

"Armelle! Mbona husemi? Sema kitu. Lia, imba, chochote!"

Mtoto akainua kichwa, akafikiri, akaanza kutaja majina ya mbuzi wa jirani, mmoja mmoja. Mama yake akaanza tena kutembea.

"Kwa sauti, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Kwa sauti, wakusikie."