Waliobishana Juu ya Shamba la Dinah

Mbegu zilikuwa mifuko minne chini ya kitanda cha Dinah, na baada ya hiyo hapakuwa na mwingine. Shamba lao la Kachibora lingewalisha watoto watano mwaka mzima, au lisiwalishe. Mume wake, Kipruto, alitaka kupanda katikati ya Machi kwenye vumbi, mvua izikute mbegu ardhini, kama alivyofanya babake. Kakake Dinah, Wangila, aliyefanya kazi na shirika la mazingira kule Bungoma, alisema majira yamebadilika. Mvua ya kwanza siku hizi ni ya kudanganya, kwa hivyo wangoje udongo ulowe kiasi cha shubiri nzima.

Dinah alimwamini kakake. Lakini alimjua mumewe pia, ndiyo maana akamwomba Wangila aje azungumze naye polepole, wawili tu, pembeni. Kwao Kabuchai kila mtu anajua jinsi ya kumheshimu aliyemwoa dada yako. Wangila alikuwa amesoma, na kuna kusoma kunakomtoa mtu adabu. Alingoja wazee wa kanisa waliowatembelea wakae kwenye chai, akatoa simu na kuanza kuwaonyesha michoro ya joto la dunia. Kipruto alisema kwa utulivu kwamba jua kali si geni, hata mwaka wa themanini na nne ukame uliwafanya watu wale mahindi ya manjano ya msaada, na mwenye mvua ni Mungu.

"Shemeji," Wangila akasema akicheka, "ati wewe bado unapanda na kalenda ya marehemu babako?"

Wazee wakatazama vikombe vyao.

"Hii shamba haikusomea Bungoma," Kipruto akajibu.

Dinah alijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Juzi tu mumewe alikuwa ameanza kulegea, akisema labda wangoje wiki mbili. Sasa kungoja kungekuwa kushindwa mbele ya watu. Asubuhi iliyofuata Kipruto aliivuta mifuko yote minne, na Dinah akamfuata nyuma akifukia mbegu, amejaa hasira.

Mvua ilinyesha siku tatu. Mahindi yakaota, yakapendeza, kisha jua likawaka wiki tatu na kuyakausha yote. Kipruto alisema huo ni mtihani wa Mungu. Wangila alikuja na gari la shirika, na Dinah akakimbia kumpokea akidhani ameleta mbegu. Alikuwa ameleta kamera.

Kabla Aprili haijaisha, picha ya shamba lake ilikuwa ukutani katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kitale. Shirika lilikuwa limealika pande zote mbili zije zibishane. Wangila alieleza moshi wa viwanda na misitu iliyokatwa. Kipruto akasimama na hadithi yake ya mahindi ya manjano. Walipigiwa makofi wote wawili, na wote wawili waliketi na nyuso za watu walioshiba. Ndipo mwenyekiti akampa Dinah kipaza sauti, kwa kuwa shamba lilikuwa lake.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Kati ya hawa wawili, nani amekuja na mbegu?"

Mtu mmoja alicheka. Mwenyekiti alisema hilo ni swali zuri ila liko nje ya mada, na chakula kiko tayari. Kwenye foleni ya sahani Wangila alimnong'oneza kwamba amemwaibisha mbele ya mkubwa wake. Kipruto akamuunga mkono shemeji yake. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwaka huo.

Wiki hiyo hiyo mvua ikaanza, na safari hii haikudanganya. Jirani yao Cheptoo, aliyengoja, akapanda. Mahindi yake yalipofika magotini, Dinah alikwenda kuyapalilia kwa malipo ya mikebe miwili ya gorogoro ya unga. Mwaka uliopita Dinah ndiye aliyempa Cheptoo kibarua. Cheptoo alimwonyesha mstari wa kuanzia, akaondoka haraka bila kumtazama usoni.