Fundo la Mwisho

...na fundo lenyewe angelifungua jana, mbona kucha zilikwisha kuingia kwenye kamba, halafu mkono ukakataa, basi kamba imekuja huku mashambani Buterere na mafundo yake yote, fundo moja la kushika kwa kila mtoto, na la mwisho, la Azhar wake, halina mtu, na sasa mwalimu Waridi amesimama kwenye tuta la mpunga, mguu mmoja juu ya ubao wa kuvukia mfereji, kichwa cha kamba mkononi, darasa la sita zima nyuma yake, tope hadi magotini, maana asubuhi yote wamepandikiza miche kwa mikono yao wenyewe, leo hakuna chaki, aliwaambia, leo mtajua wali unatoka wapi, na Pontien mwenye shamba akawacheka, angalia watoto wa mtaa wa Asiatique, muchele wanaujua wa gunia tu!... sasa hakuna anayecheka, mbingu imekuwa nyeusi, maji ya mfereji yanapanda kimyakimya, na kanuni ni ileile, tuta ni jembamba, mwalimu hageuki, anavuta kamba mara mbili, mvuto unapita mkono kwa mkono, wa mwisho anajibu mara mbili, maana yake tuko wote, ndipo wavuke... amevuta, Nura wa mwisho amejibu, mara mbili, sawa, halafu ukaja mvuto mwingine, mrefu, polepole, wa mtu anayejaribu kitu asichokijua bado.

"Nura, acha mchezo!"

"Apana, Madamu, si mi," Nura anajibu, "iko mutu nyuma yangu, anavuta."

Mtu gani, nyuma ya Nura kuna mkia wa kamba tu, unaburuzwa majini, na fundo la mtoto aliyezikwa wakati wa likizo, yarabi, homa ya siku chache tu, wanawake wa msibani wakamwambia jikaze, naye akajikaza, akarudi kufundisha, watu wakamsifu, kumbe alikuwa anangoja hiki hiki... Azhar aliuogopa ubao huu, mwaka jana alipomleta peke yake aling'ang'ania papa hapa, mama, mi sivuki... ni yeye, nani mwingine, geuka umwone, mara moja tu... lakini Azhar alijua kuvuta, mara mbili, haraka haraka, huyu hajui, huyu anajifunza, na kati yake na huyo wamesimama watoto wa watu... "Achieni kamba!" akasema, yeye aliyewafundisha mwaka mzima wasiiachie, "wote, achieni, shikaneni mikono!" akasikia wanaachia mmoja mmoja, Jovithe, Lamya, Nura akilia, na kamba ilipaswa kuanguka kwenye tope, wala haikuanguka, imenyooka vilevile, mguu wake bado uko juu ya ubao, maji bado yanapanda, na aachie yeye sasa, aachie, wamebaki wawili tu, yeye na yule wa nyuma, aachie, Waridi, tafadhali... ikavutwa, mara mbili, haraka haraka, na Waridi akajizungushia kamba mkononi, akaikaza, akajibu.